Kujifunza Besi: Kikao cha Wapigaji au Mwalimu wa Peke Yako?

Mpiga gitaa la besi anayeishi Dar es Salaam na kutaka kuinua kiwango chake ana njia mbili zilizo karibu: kuhudhuria vikao visivyo rasmi vya wapiga besi wa viwango vyote, au kumlipa mwalimu amfundishe peke yake.

Mwalimu humtazama mwanafunzi mmoja tu. Akigundua kwamba kidole gumba cha mkono wa kushoto kinaikumbatia shingo ya gitaa, hulirekebisha kosa hilo siku hiyohiyo, kabla halijawa mazoea. Katika kikao cha watu wanane, kosa kama hilo hupita bila kuonekana.

Hata hivyo, kikao kina utajiri wake, hasa kwa anayependa muziki wa dansi. Niliketi siku moja barazani Sinza kando ya mzee aliyezoea kupiga katika bendi, nikamwona akiuziba uzi kwa kiganja wimbo ulipoingia kwenye sebene, ile sehemu ya kuchezeka inayotawaliwa na magitaa, akiacha pengo mahali ambapo mimi ningejaza noti tatu. Pengo hilo halimo katika daftari lolote la mazoezi nililowahi kupewa. Kasoro ya kikao ni ya sauti yenyewe: uzi mnene wa E hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na besi tatu zikilia pamoja katika chumba kidogo husikika mngurumo mtupu, hivyo ni lazima watu wapige kwa zamu. (Umeme ukikatika na spika kunyamaza, kila mmoja huliinamia gitaa lake kana kwamba linamnong'oneza siri.)

Anayeanza kabisa ningemshauri atangulie kwa mwalimu walau miezi miwili. Aliyekwisha kuzijua nyuzi zake nne na aende kikaoni, hata kama mkono bado ni mzito.