Canon SELPHY CP1500 kwa studio ndogo ya pasipoti saizi

Printa hii ilitoka mwaka 2022, ina uzito wa takribani gramu 850, na inakaa kwenye kaunta ya steshenari bila kubanana na mashine ya fotokopi. Haitumii wino wa maji. Ndani kuna riboni (utepe wa plastiki wenye rangi), na karatasi hupita chini ya kichwa cha joto mara nne: njano, majenta, samawati, kisha tabaka la kinga linaloifanya picha isiharibike kirahisi ikiguswa na maji au vidole. Picha moja ya milimita 100 kwa 148 inachukua kama sekunde 41.

Faida yake kubwa ni kwamba hakuna kinachokauka. Funga studio wiki tatu, ukirudi inachapa kama ulivyoiacha. Printa ya wino wa tangi ikilala hivyo, matundu ya kichwa huziba, na wino mwingi unaishia kwenye kusafisha badala ya kwenye picha. Kama wateja wako ni wa kuhesabu, sababu hiyo peke yake inatosha kuichagua.

Upande wa gharama, hesabu haina mafumbo. Pakiti ya RP-108 ina karatasi 108 na riboni mbili za picha 54 kila moja. Gawanya bei ya pakiti kwa 108, hiyo ndiyo gharama ya karatasi moja, iwe umechapa uso mmojamoja katikati au umeijaza yote. Riboni husogea hatua nzima kila mara. Kwa hiyo faida yako iko kwenye mpangilio. Picha za milimita 35 kwa 45 zinaenea 8 karatasi ikijazwa yote bila ukingo mweupe: weka karatasi kwa mlalo, nne kwa safu mbili. Ukiacha ukingo, zinaenea 6, tatu kwa safu mbili. Kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) za printa hii, kila moja ni pikseli 413 kwa 531. Lakini mteja wa viza ya Marekani anataka 51 kwa 51, na hapo karatasi inakuangusha. Mbili zikipangana kwa upana ni 102, nawe una 100, hivyo unapata mbili tu kwa karatasi nzima. Mtoze bei inayolingana na hilo.

Jambo linalowaponza wengi ni kuchapa bila ukingo mweupe. Printa hukuza picha kidogo ili ifike mpaka kwenye kingo, na kichwa cha mteja kilichopimwa vizuri kwenye kompyuta kinatoka kikubwa kuliko kipimo, fomu inarudishwa. Chapa na ukingo, picha sita kwa karatasi, kisha pima karatasi ya kwanza kwa rula kabla ya kukata.

Karatasi zisizidi 18 kwenye trei, upande unaong'aa juu, na zishikwe kwenye ncha zenye vitobo tu. Ncha hizo usizikate kabla ya kuchapa. Nyuma ya printa acha nafasi, maana karatasi hutokeza huko kila inapopita. Ikigonga ukuta, inakwama na umepoteza hatua moja ya riboni. Ndiyo maana mwisho wa pakiti mara nyingi hubaki karatasi bila riboni. Riboni ikilegea, zungusha gurudumu lake dogo mpaka ikaze, ndipo uirudishe.

Adui mkubwa ni vumbi, hasa kwa duka linalotazama barabara. Doa jeupe kwenye shavu la mteja kwa kawaida ni punje ya vumbi iliyokaa kati ya riboni na karatasi. Toa riboni, puliza ndani kwa kipulizio cha lenzi (si kwa mdomo, mate yanaongeza tatizo), na jioni toa trei, funga mlango wake na ufunike printa. Ukichapa mfululizo joto likapanda, itasimama yenyewe. Isubiri, usiizime. Umeme ukikatika katikati ya picha, karatasi hiyo imekwenda. Betri ya NB-CP2LI, inayouzwa peke yake, inakuwezesha kuendelea kuchapa.

Na tafadhali, riboni iliyokwisha usiitupe nzima. Ivute uitazame kwenye mwanga: nyuso zote za wateja wako zimo, rangi zikiwa zimegeuka, na zinatambulika. Picha hizo ni taarifa binafsi za watu, na Tanzania ina sheria ya kuzilinda tangu 2022, Kenya tangu 2019. Ikate vipande kwa mkasi kwanza.

Ukitegemea zaidi albamu za harusi au picha za kutundika za A4, hii si printa yako. Haitoi kubwa kuliko postikadi. Kwa pasipoti saizi na picha za papo hapo kwenye mahafali, inunue, pamoja na betri na pakiti moja ya akiba.