Mtoto wangu alipimwa na sweta, nikiuliza naambiwa nikae mimi hapo

Hii kliniki iko upande wetu wa Kaptembwa hapa Nakuru, jina naliacha, lakini kama umewahi kukaa kwa ile benchi ya mbao tangu saa moja asubuhi unaijua. Juzijuzi hivi nilipeleka msichana wangu wa mwaka na miezi minne kupimwa kilo, na mnajua baridi ya huku asubuhi, alikuwa na sweta nzito, kofia, viatu na pampasi ya usiku imejaa. Zamu yetu ikafika, sista hata hakuinua macho, "weka mtoto", nikaweka, mizani ikasoma 8.1 akaandika.

Nikamuuliza polepole, sista, si tumtoe nguo kwanza? Akanijibu akina mama wote wakisikia, "Wewe mama kama unajua kazi njoo ukae hapa." Watu wakacheka. Nikauliza na urefu je, akasema ubao umeharibika, kwani huyu si anakula, si anacheza? Akaweka doti yake kwa kijitabu cha kliniki, ikapita ule mstari wa kilo ya chini kwa umri wake vizuri kabisa, akaita mwingine.

Hiyo doti ndiyo inaniuma mpaka leo, kwa sababu niliiamini! Nilienda nyumbani nikiwa na aibu ya kuchekwa tu, nikajiambia angalau mtoto yuko sawa.

Baadaye mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu akapita na ule utepe wake wa rangi wa kupima unene wa mkono. Huyu mama jameni Mungu ambariki. Alikunja mkono wa kushoto wa mtoto, akatafuta katikati ya bega na kiwiko, akaweka alama na biro, akaunyoosha mkono ukaning'inia ndio akazungusha utepe bila kuukaza. Sentimita 12.1. Njano. Kutoka 12.5 kwenda juu ni kijani, chini ya 11.5 ni nyekundu, hapo ni hatari kabisa. Akabonyeza miguu yote miwili na vidole gumba kuona kama shimo litabaki, yaani kama amevimba, halikubaki. Akaniambia, "Mama Imani usilie, njano si nyekundu, lakini twende apimwe vizuri."

Tukaenda hospitali nyingine. Huko walimvua kila kitu, kilo ikawa 7.5. Wakamlaza kwa ubao, maana chini ya miaka miwili mtoto hupimwa akiwa amelala, mmoja ameshika kichwa, mwingine amebonyeza magoti, mtoto analia mimi nalia. Sentimita 72. Kwa umri wake huo ni ufupi wa kudumaa, na kumbe hata kilo ilikuwa chini ya mstari, ni sweta na pampasi zilizomvusha. Na kilo peke yake haiwezi kukwambia mtoto amedumaa, anaweza kukaa na mashavu mazuri, anacheza, kumbe urefu ulibaki nyuma kitambo. Sasa unasemaje ubao umeharibika halafu unaandika mtoto mzima?

Nimejaribu kumhurumia huyo sista. Siku hiyo alikuwa peke yake, chanjo ni yeye, kilo ni yeye, laini mpaka nje ya geti, na kusema ukweli chanjo anadunga vizuri kuliko wote niliowaona. Nilikuwa nimeamua nimpe nyota tatu. Lakini kutoa sweta ni dakika ngapi? Ningeitoa mimi mwenyewe, nilikuwa nimesimama hapo mikono mitupu! Na yale maneno, sasa mama mwingine mwoga kuliko mimi atauliza tena? Hapana. Nyota moja, na hiyo ni ya chanjo.

Sasa hivi ni uji wa wimbi na njugu za kusaga, yai, omena nimeponda, anakula kidogokidogo mara nyingi. Tunarudi kupimwa baada ya wiki mbili, na nguo nitamvua mwenyewe hata kabla hatujaitwa.