TAHADHARI: Muuzaji wa vitasa vya masta kii Unguja, ufunguo wako unafungua na nyumba za wenzio

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nakuombeni muusome ujumbe huu mpaka mwisho, khasa wenye nyumba za kukodisha, wasimamizi wa nyumba za wageni, na wapangaji wa fleti mpya za Mpendae, Kiembesamaki na Fuoni.

Kuna muuzaji anapita kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye majengo yanayomaliziwa kujengwa, anauza vitasa kwa seti. Kila seti ina vitasa vya vyumba pamoja na ufunguo mmoja wa mwenye jengo, unaofungua milango yote; huo ndio unaoitwa masta kii. Bei yake iko chini kuliko madukani Darajani, na maneno yake matamu: mpangaji akipoteza ufunguo huvunji mlango, msafishaji hatembei na tita la funguo. Hayo ni kweli. Asilolisema ni kuwa seti zake zote, kila alikouza, zinafunguka kwa ufunguo huo huo mmoja.

Mwenye nyumba wetu wa Mpendae alinunua kwake. Ami yangu, mwenye nyumba ya wageni Jambiani, naye alinunua kwake, na wawili hao walikuwa hawajuani. Ami alipokuja kututembelea walikaa wakizungumza, wakagundua kuwa muuzaji wao ni mmoja. Akautoa ufunguo wake wa Jambiani, akautia kwenye mlango wetu wa nje, ukazunguka. Akajaribu chumba changu, kikafunguka. Cha jirani, kikafunguka. Jirani huyo mumewe yuko Pemba kikazi, hulala peke yake na watoto wadogo; alikaa kitako pale pale ukumbini akalia. Mpaka leo huegemeza meza mlangoni usiku.

Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kuwa ndivyo vinavyotoka kiwandani, akakata. Baadaye tukamkuta kwenye kundi jengine anauza masta kii hiyo peke yake, bila ya kitasa, eti ni ya mafundi. Hamuulizi mnunuzi ni fundi wa wapi. Mwenye pesa anapewa. Hilo ndilo lililonifanya niandike hapa.

Namna vitasa hivi vinavyofanya kazi ni hii. Ndani ya silinda, yaani ile sehemu ya kitasa inayotiwa ufunguo, mna pini zilizokatwa vipande viwili. Ufunguo sahihi huzinyanyua mpaka mkato wa kila pini ukae sawa na ukingo wa silinda, hapo ndipo inapozunguka. Kitasa cha masta huongezewa kipande cha tatu, basi pini inakuwa na mikato miwili, na kitasa kinakubali funguo zaidi ya moja. Hata kikiwa cha kampuni nzuri, ulinzi wake umeshapungua. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Matt Blaze, alionesha kuwa mpangaji mwenye ufunguo wa chumba chake tu anaweza kuitengeneza masta kii ya jengo zima bila ya kuiona. Kwa hiyo mwenye jengo anayeamini yuko salama kwa sababu masta kii iko kabatini kwake, ajue hilo halitoshi.

Na msidhani haya ni ya kwetu tu. Mwaka 2012 gazeti la New York Post lilinunua mtandaoni, kwa dola 150, fungu la funguo kutoka kwa fundi mstaafu wa vitasa. Zilikuwa za lifti na za masanduku ya umeme ya jiji la New York, ambazo zilitakiwa ziwe mikononi mwa wazimamoto na mafundi. Jiji zima halikuweza kubadilisha vitasa vyake kwa usiku mmoja. Sisi seti hizi bado ni chache, tunaweza.

Mwenye nyumba, ikiwa ulinunua kwa seti kutoka kwa mtu wa mkononi, badilisha silinda. Aghlabu huhitaji kung'oa kitasa kizima. Fundi hufungua skrubu, huchomoa silinda, hutia nyengine. Nunua moja moja, kutoka maduka tofauti ukiweza. Ukilazimika kuwa na masta kii kwa ajili ya nyumba ya wageni, dai maandishi ya nani mwengine anayo, na usiitumie kwenye stoo ya gesi wala chumba cha pesa. Mpangaji, tia komeo la ndani leo, usisubiri mwenye nyumba. Halizuii mwizi ukiwa kazini, lakini linakulinda ukiwa umelala.

Tafadhalini musirushe picha za funguo kwenye makundi kuulizana kama zinafanana. Mwaka 2014 gazeti moja la Marekani lilichapisha picha ya funguo za wakaguzi wa mizigo wa viwanja vya ndege, na mwaka uliofuata watu walishazichonga nakala kutokana na picha tu. Kutaneni, mujaribu ana kwa ana, tena mbele ya wenye milango.

Sisi tumeshatoa taarifa kwa sheha wetu na polisi. Tumeambiwa ushahidi wa jengo moja ni mdogo. Aliyenunua kwa muuzaji wa namna hii, popote Unguja au Pemba, asiuvunje wala kuutupa ule ufunguo. Aupeleke kituo cha polisi pamoja na kitasa kimoja, risiti ikiwa alipewa, na ujumbe wa WhatsApp alioandikiana naye bila ya kuufuta.