Jezi ya Chui wa Zaire 1974: ununue nakala ipi

Jezi ya kijani yenye duara kubwa la njano kifuani, na ndani yake kichwa cha chui: hiyo ni Zaire ya 1974. Nakala zake ziko za pamba nzito na za polista. Chukua ya pamba. Ile ya polista nembo yake kwa kawaida imebandikwa kwa joto, na pasi ikipita juu yake mara chache tu, uso wa chui unapasuka.

Hata ya pamba ina tatizo lake, nalo ni kuchuja. Kijani kikiingia kwenye njano, hakitoki tena. Kabla ya kulipa, sugua mshono wa ndani kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Kikishika rangi, iache. Halafu igeuze utazame nyuma ya nembo. Chui aliyedariziwa bila kitambaa cha kumshikilia kwa nyuma huvuta nyuzi, na kifua chote kinajikunja kuzunguka duara. Pamba nayo huruka ikifuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo mwenye kifua cha sentimita 100 atafute upana wa 55 kutoka kwapa hadi kwapa. Ifuliwe kwa maji baridi, imegeuzwa, na ianikwe kivulini.

Namba ndipo wanapokosea sana. Ndaye Mulamba kwenye Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi alivaa 13, si 9, ingawa alikuwa mfungaji. Namba 2 ni ya beki Mwepu Ilunga. Usizichanganye: dhidi ya Yugoslavia mwamuzi alimtoa Mulamba kwa teke ambalo Mwepu alikuja kukiri kuwa lilikuwa lake.

Kinachouma ni maelezo yanayoambatana na jezi hizi. Mara nyingi utasoma kipigo cha 9-0 kutoka kwa Yugoslavia na Mwepu akiubutua mpira wa adhabu wa Brazil kabla haujapigwa, basi. Lakini Machi ya mwaka huohuo, Cairo, timu hii ilitwaa ubingwa wa Afrika. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, Zaire ikashinda 2-0, na mabao yote manne ni ya Mulamba. Alimaliza na 9 katika mashindano hayo, rekodi ambayo haijavunjwa. Tena hawa ndio waliotangulia kuiwakilisha Afrika kusini mwa Sahara kwenye Kombe la Dunia.

Kama ni jezi moja tu, iwe ya pamba, mgongoni 13.