Nimetoka warsha ya demografia (takwimu za watu: uzazi, vifo, umri) hapa Kisumu, niwaambie kama pesa inafaa

Waandaaji siwataji ju bado nangoja cheti. Walisema wiki mbili, sasa tunaingia mwezi wa tatu, na kila nikipiga simu naambiwa kinasainiwa.

Ilikuwa siku tatu, hoteli moja huku Milimani, elfu nne na mia tano pamoja na lunchi. Tangazo lilisema tutafunzwa kuchambua data za KDHS, ule utafiti wa kitaifa wa watu na afya Kenya, kwa R, programu ya takwimu ya kompyuta. Chenye hawakusema ni kwamba hizo data huzitoi hivi hivi, lazima ujisajili, ueleze unafanya utafiti gani, alafu ungoje ruhusa, kwa hivyo siku ya kwanza watu ishirini tulikaa tukichungulia laptopu ya jamaa mmoja mwenye alikuwa nazo, mara waifai ikapotea, kila mtu akaanza kuchoma bando yake. Soketi nazo ziko nne ukumbi mzima.

Siku ya pili ndio nililipia, hata kama sikujua. Alikuja mzee mmoja mwalimu mstaafu, hana hata slaidi, akatuambia kila mtu aandike umri wa wajomba, shangazi na majirani wa nyumbani bila kupigia mtu simu. Tukaandika. Arobaini, hamsini, arobaini na tano, sitini. Mzee akacheka hadi akatoa miwani. Kumbe hiyo tabia ya kukadiria umri kwa namba za 0 na 5 ina kipimo chake, kinaitwa Whipple: unachukua watu wa miaka 23 hadi 62, unahesabu wale umri wao unaishia na 0 au 5, unazidisha kwa 5, unagawanya kwa watu wote wa hiyo miaka, alafu mara 100. Ikitoka 100 hakuna mtu anapendelea hizo namba, ikifika 500 basi kila umri umeishia na 0 au 5. Yetu ilipita 300, na sisi ndio wasomi! Dani wangu, yaani nyanya, hakuingia kwa hesabu ju amepita 62, lakini nimekuwa nikimwandika 80 tangu nikiwa Form Two.

Baada ya hapo ndio akatuonyesha uzazi wa Kenya, watoto 6.7 kwa mwanamke kwenye KDHS ya 1989 na 3.4 ya 2022, na kwanza akauliza nani aliulizwa, na kuhusu miaka gani. Hapo nilielewa kuliko semista nzima.

Siku ya tatu waliita "fursa za utafiti". Maze, ni skolashipu zenye dedilaini imepita. Niliokota mawili tu: IPUMS, hifadhi ya data za sensa mtandaoni, unajisajili bure unapata sampuli za sensa zetu kuanzia 1969, na kwamba hapa jirani Siaya, kwanza Asembo na Gem, baadaye Karemo, KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba Kenya) na CDC (shirika la afya la serikali ya Marekani) walianza 2001 kufuatilia vizazi, vifo na kuhamahama kwa watu, nyumba kwa nyumba. Mimi mtu wa Gem nilikuwa naona tu watu wakija na maswali.

Samaki alikuwa mtamu, hiyo siwezi wanyima.

Nyota tatu. Nasikia watarudia, na mzee amepewa siku mbili. Nitalipa tena, ila naenda na ekstensheni yangu na ruhusa ya data nishapata.