Kaliba ya bunduki kwa uwindaji wa milimani: nilivyozipanga kuanzia namba moja hadi tano

Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai 1, na ikifika Mei simu yangu haitulii. Vijana wa hapa Mwanza waliokwisha kupata kibali cha silaha huuliza jambo lile lile: "Mzee, nichukue kaliba gani?", yaani bunduki ya risasi ya unene gani. Wengi wana uwezo wa bunduki moja tu. Barua zenyewe, kutoka serikali ya mtaa, kupitia kamati za ulinzi na usalama hadi polisi, zinachosha mtu vya kutosha, na hakuna anayetamani kuzirudia mara ya pili. Halafu wanakotaka kwenda si tambarare. Ni vilima vya Longido na Monduli, kufuata pofu, tandala na mbogo. Mlima Longido wenyewe unapita mita 2,600, na ziwa letu liko kwenye mita 1,130 hivi. Ukipanda huko na bunduki isiyokufaa, utaijua kabla jua halijafika utosini.

Tuanze na sheria. Kwa wanyama wakali kama mbogo, simba na tembo, Tanzania inataka kaliba isiyopungua .375, yaani inchi 0.375, kama milimita 9.5. Kwa hiyo kabla hujaingia dukani amua moja: mbogo yumo kwenye mipango yako, au hayumo? Mvuvi wa Kirumba hanunui nyavu mpaka ajue anakwenda kuvua dagaa au sangara. Nawe fanya vivyo hivyo.

Namba moja kwangu ni .375 H&H Magnum. Ilitoka Uingereza mwaka 1912, na mpaka leo sijaona ya kuipokonya nafasi kwa mtu mwenye bunduki moja. Risasi yake ya kawaida ina gramu 19.4, inatoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde, na nguvu yake ni jouli 5,700 hivi. Watu wanaiogopa wakidhani ni ya mbogo wa karibu tu. Si kweli. Mwendo wake hewani unakaribiana sana na ule wa .30-06, namba mbili yangu, yenye risasi ya gramu 11.7. Ukiirekebisha ipige katikati kwa mita 200, kwa mita 300 itashuka shibiri moja na vidole vichache. Mlimani hilo ni jambo kubwa, maana asubuhi unaweza kumwona tandala ng'ambo ya korongo, mita 250, na saa nane mchana ukapenya kichaka ukamkuta dume la mbogo hatua ishirini mbele yako, pua juu, anakunusa. Bunduki ni ile ile uliyobeba. Hakuna wa kukuletea nyingine.

Ina gharama zake. Ikiwa na darubini inapita kilo 4, na teke lake, yaani inavyokusukuma bega ukifyatua, ni karibu mara mbili ya la .30-06. Anayetaka kuinunua namwambia afunge mfuko wa unga wa kilo 5 begani, apande kilima cha Bugando asubuhi, ashuke, kisha apande tena Isamilo. Akifika juu bado anaweza kushika pumzi na kutuliza mkono, anaiweza. Na hilo teke lisikutishe. Anza kwa risasi tano tu kwa siku, ukiwa umesimama, kitako cha bunduki kimekazwa vizuri kwenye nyama ya bega. Anayepiga amelala tumboni na bunduki hiyo ataondoka na bega lenye rangi ya zambarau na woga ambao utamchukua mwaka mzima kuutoa.

Namba mbili, .30-06. Ni ya jeshi la Marekani, mwaka 1906, ina jouli karibu 3,900. Kama mbogo hayumo kwenye mipango yako, hii ndiyo, na sisiti hata kidogo. Ni nyepesi, teke lake mtu wa kawaida analimudu, na risasi zake ni rahisi kupata kuliko za nyingine nyingi. Hilo la mwisho lipe uzito. Sisi wa kanda ya ziwa mara nyingi tunalazimika kufuata risasi Arusha au Dar es Salaam, na kaliba adimu itakulaza na bunduki nzuri isiyo na kitu ndani. Pofu dume anaweza kupita kilo 700, lakini risasi nzuri ya .30-06 ikiingia nyuma ya bega kwa umbali wa mita 150 inamtosha. Aliye tayari na .308, ndugu yake wa karibu, asiiuze kwa ajili ya hii, tofauti ni ndogo.

Namba tatu, .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963. Najua wengi wataniuliza mbona nimeishusha, wakati ndiyo inayosifiwa kwa milima. Risasi ile ile ya gramu 11.7 inaisukuma kwa karibu mita 900 kwa sekunde, inanyooka zaidi, na kwa mtu mzoefu ni silaha ya ajabu. Ila mlio wake ni mkali, na nimeona wapigaji wazuri wakianza kufumba macho kabla ya kuvuta triga. Isitoshe, umbali si tatizo kubwa la milima yetu. Tatizo ni mteremko.

Hili nililipia mwenyewe. Pofu alikuwa chini yangu, kama mita 300 kwa macho, mteremko mkali. Nikalenga juu kidogo kama ambavyo ningelenga tambarare. Risasi ikapita juu ya mgongo, ikamchana tu. Tulifuata matone ya damu mpaka giza likaingia, na asubuhi tulikuta fisi wameshamaliza. Mpaka leo mnyama yule ananiuma moyoni. Nilichokuwa sijui ni hiki: risasi huvutwa chini kulingana na umbali wa mlalo, yaani uliopimwa usawa kama kwenye tambarare, si ule wa kufuata mteremko. Kwa mteremko wa nyuzi 30, mita 300 za macho ni mita 260 tu kwa risasi. Upige kwenda juu au kwenda chini, ni sawa, utapiga juu ya ulipolenga. Hakuna kaliba itakayokusaidia kama hujui hilo.

Namba nne, 9.3x62. Iliundwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa Afrika waliotaka bunduki ya Mauser ya bei nafuu. Naipenda kwa dhati: jouli karibu 4,800 na teke la kistaarabu. Lakini risasi yake imepungukiwa milimita 0.2 tu kufikia ile ya .375, na sheria haitazami mapenzi yangu. Kwa mbogo hairuhusiwi, na kuzipata risasi zake ni kuwinda kwenyewe.

Namba tano, .458 Winchester Magnum, mwaka 1956. Kwa mbogo na tembo wa vichakani, sawa kabisa. Kwa milima, hapana. Ni nzito, na kupita mita 150 risasi inashuka kama jiwe.

Ukishachagua kaliba, usibane matumizi kwenye risasi zenyewe. Kwa pofu na tandala chukua laini, ile inayopanuka ikiingia mwilini lakini isivunjike vipande. Risasi ngumu, zisizopanuka, zihifadhi kwa ajili ya mbogo aliyejeruhiwa anayekimbia kukupa mgongo, na usizichanganye kwenye mfuko mmoja. Mimi ngumu nafunga uzi mwekundu mfukoni mwake.

Kama ni mtumba, toa boliti, kile chuma cha nyuma kinachofunga risasi ndani, elekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha uchungulie kutoka nyuma. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ionekane mikali, inang'aa, bila madoa meusi ya kutu. Kisha soma maandishi ya kaliba yaliyogongwa kwenye mtutu, herufi kwa herufi, uyalinganishe na ya kwenye kasha la risasi na ya kwenye karatasi za muuzaji. Namba ya bunduki ikiwa imekwaruzwa, irudishe mezani, ondoka, na taarifa ifike polisi siku hiyo hiyo.