Juisi ya Choya Yenye “Dawa” na Isiyo na “Dawa”: Uzoefu Wangu wa Miezi Minne

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikinunua juisi ya choya iliyochemshwa pamoja na tangawizi na mdalasini kutoka kwa mtengenezaji mdogo wa hapa Dar es Salaam. Anaitoa kwa namna mbili: chupa ya kioo isiyo na kihifadhi, inayopaswa kukaa kwenye friji na kumalizwa ndani ya siku 5, na chupa ya plastiki yenye kihifadhi cha sodiamu benzoeti (ndicho wauzaji wanachokiita “dawa”), ambayo lebo yake inasema hudumu miezi 6. Nilianza na ya plastiki, kwa kuwa kwetu Tabata umeme hukatika mara kwa mara.

Chupa ya kwanza ilinisikitisha. Niliinunua mwezi wa Februari katika duka ambalo chupa zilipangwa kwenye meza ya nje, zikipigwa na jua tangu asubuhi. Nilipomwambia muuzaji kwamba rangi imekuwa ya kahawia, alinijibu kwa upole, “Dada, hiyo ina dawa, haiharibiki.” Ni kweli kwamba haikuwa imechacha, lakini tangawizi ilikuwa imepoa kabisa na ule ukali mtamu wa choya haukuwepo.

Wiki iliyofuata nilikuta chupa za toleo lilelile, zenye tarehe ileile, kwenye rafu ya ndani ya duka jingine, nazo zilikuwa nyekundu ya kuiva. Nikanunua tatu; moja nikaiweka kwenye friji, ya pili kabatini, ya tatu dirishani penye jua. Baada ya wiki mbili ile ya friji ilikuwa kama nilivyoinunua, ya kabatini ilikuwa imefifia kidogo, na ya dirishani ilikuwa ya kahawia kama ile ya Februari.

Hapo ndipo maneno ya yule muuzaji wa kwanza yalipoonekana kuwa na ukweli nusu. Benzoeti huzuia hamira na ukungu, na hufanya kazi vizuri katika vinywaji vichachu vyenye pH (kipimo cha uchachu; ikiwa ndogo, uchachu ni mkali zaidi) iliyo chini ya 4.5, jambo ambalo choya inalitimiza bila shida. Rangi nyekundu, hata hivyo, hutokana na anthosianini, yaani rangi asilia za mmea, ambazo huharibiwa na joto, mwanga na oksijeni, na benzoeti haizikingi na lolote kati ya hayo. Liko pia jambo linalonipa wasiwasi zaidi ya rangi: lebo inataja vitamini C iliyoongezwa, na inajulikana kwamba benzoeti ikikaa pamoja na vitamini C kwenye joto na mwanga inaweza kuzalisha benzini kwa kiasi kidogo, kemikali inayosababisha saratani ambayo hakuna anayeitaka katika kinywaji chake. Siogopi vihifadhi vilivyowekwa kwa kipimo kinachoruhusiwa; ninachokikataa ni kuvifanya ruhusa ya kuanika chupa juani.

Ile ya kioo ndiyo tamu kuliko zote, na tangawizi yake huwasha hadi kooni. Lakini haisamehe. Usiku mmoja umeme ulikatika hadi saa sita mchana wa siku iliyofuata, nami nikaiacha kwenye friji nikitumaini kwamba ubaridi utatosha, ingawa friji lililofungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4 tu. Kesho yake nilipofungua kifuniko ilitoa gesi na povu, ikanuka chachu, nikaimwaga yote.

Kwa mtengenezaji nina maombi mawili: maneno “hifadhi mahali pa baridi na pasipo na mwanga” yachapishwe kwa herufi kubwa mbele ya chupa, badala ya kufichwa chini ya tarehe, na maduka yapewe makasha ya kufunika. Bado ni mteja wake. Ya kioo huinunua siku ninayoinywa, nikiibeba kwenye mfuko wenye barafu; ya plastiki huichukua tu dukani ninapoona imetolewa ndani, kivulini.